Uliza Fundi: RAM imeandikwa 1.35V, BIOS inasoma 1.2V, nimeibiwa?

SWALI: Mambo vipi kaka fundi. Mimi ni mwanafunzi hapa Dodoma, nimejichangachanga tangu mwaka jana hadi nimeunganisha kompyuta yangu ya kwanza, prosesa ni Ryzen 5 3600, bodi ni B450 ya MSI, RAM mbili za 8GB DDR4. Sasa kwenye stika ya RAM wameandika 3200, halafu 16-18-18-38, halafu 1.35V, ila nikiingia kwenye BIOS naona 2133 na 1.200V. Jamaa yangu wa hosteli anasema niandike 1.35 mwenyewe palepale kwenye voteji, mwingine anasema nikigusa tu nimeunguza bodi. Nimeuziwa feki au? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Poa sana mdogo wangu, na hongera kwa mashine. Hujaibiwa, tulia. Tena wewe umewahi kuliona, kuna watu wanacheza gemu miaka miwili RAM inatembea kasi ya 2133 na hela walilipa ya 3200, BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi, hawajawahi hata kuifungua.

Iko hivi. Kila RAM ina kichipu kidogo pembeni, SPD, na kiwanda kimeandika humo mipangilio, kwa RAM kama yako ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, inafuata kiwango cha JEDEC, hao ndio wanaopanga sheria za RAM duniani, na kwa DDR4, kizazi cha RAM yako, walisema volti 1.2. Ya pili ni profaili ya kasi, inaitwa XMP, hii ililetwa na Intel, na ndiyo iliyoandikwa kwenye stika yako, 3200 kwa volti 1.35. Bodi ikiwaka mara ya kwanza haibahatishi, inachukua ile ya kwanza maana kila DDR4 itawaka nayo. Kwa hiyo stika haijadanganya na BIOS haijadanganya, kila mmoja anasoma ukurasa wake.

Na kwa nini volti ipande? Kasi ikizidi, sifuri na moja zinabadilishana haraka mno, chipu zinataka msukumo kidogo zaidi ili ishara ifike ikiwa safi bodi isije ikasoma moja ikadhani sifuri. Basi. Zipo RAM za 3200 zinazotembea kwa 1.2 hiyohiyo, ila ukiangalia namba zake za taiming, kama hizo 16-18-18-38 zako, utakuta zinaanza na 22 badala ya 16, yaani zinakimbia lakini zinachelewa kuitika.

Sasa hao marafiki zako. Wa kwanza, ukiandika 1.35 peke yake kasi haiongezeki hata chembe, RAM itabaki 2133 na joto juu, ni kama kuwasha moto mkubwa jikoni na sufuria bado iko mezani. Volti, kasi na taiming vinatembea pamoja, ndio maana vikafungwa kwenye profaili moja. Wa pili naye anakutisha bure, 1.35 kwenye DDR4 ni kitu cha kila siku. Hatari ni kidole kuteleza. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika 1.65 kwenye DDR4 ya mteja kwa mazoea ya zile DDR3 za kizazi cha nyuma za overkloki, yaani za kusukumwa kupita kasi ya kawaida, mashine ikawaka vizuri tu nikaenda kunywa chai, narudi naangalia namba jasho likanitoka. RAM ilipona lakini tangu siku hiyo volti siandiki kwa mkono kama profaili ipo.

Wewe fanya hivi, washa mashine huku unabonyeza Delete, ukiingia kwenye BIOS tafuta A-XMP, ndivyo MSI wanavyoiita kwenye bodi za AMD za umri huo, wenye ASUS wataona DOCP, kitu ni kilekile. Chagua profaili ya 1 halafu kabla hujaseivu soma kasi, volti na zile namba nne, zifanane na stika. Ukitoka, mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu kioo kikiwa cheusi, usichomoe waya kwa papara, bodi inajifunza RAM. Ikigoma kabisa chomoa umeme, toa ile betri ya duara kwenye bodi dakika chache, rudisha, utaanza upya na 2133 yako. Na baadaye ukiona volti inasoma 1.36 badala ya 1.35 usiniandikie barua nyingine, hiyo ni kawaida.

Ndani ya Windows, Task Manager itakuonyesha 3200 lakini ile programu ya CPU-Z itasema kama 1600, hapo ndipo wengi wanapiga kelele tena. Ni sawa, DDR inapeleka data mara mbili kwa kila pigo, zidisha kwa mbili. Halafu weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache usiku kucha. Kosa likitokea hata moja, shusha kasi hadi 3000 ujaribu tena, usikimbilie kuongeza volti. Na hakikisha RAM zako ziko tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, wengi wanazibananisha kama abiria wa daladala wakati matundu mengine yako wazi, wanapoteza kasi kuliko hata hiyo XMP.

SWALI: Hujambo fundi, nimenunua RAM ya mtumba DDR3 ya laptop yenye i5-4200U, nikiweka taa yawaka lakini kioo ni cheusi, nikirudisha ya zamani yafanya kazi. Muuzaji asema RAM ni nzima. Nani mkweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Sijambo. Muuzaji ni mkweli, ila hakukuuliza laptop ni ipi. Tazama stika ya ile ya zamani, nadhani utakuta PC3L-12800S, na hii mpya ni PC3-12800S. Herufi L hiyo ndiyo kesi yote. Yenye L inatembea kwa volti 1.35 na inakubali 1.5 pia, isiyo na L inataka 1.5 tu, na laptop yenye prosesa hiyo imetengenezewa RAM ya 1.35. Kwenye laptop huna BIOS ya kupandisha volti kama mwenzio wa Dodoma, kwa hiyo usihangaike na setingi. Usimdai pesa, mwombe akubadilishie na yenye L, hiyo aliyokupa ataiuza kwa mwenye laptop ya prosesa ya Intel ya kizazi cha pili na itawaka bila neno.