Njumu chini ya kitanda

Shangazi,

Nina miaka 67. Kwa zaidi ya miaka 30 nimecheza mpira kila Jumamosi asubuhi na wenzangu, nikiwa beki. Mwaka jana daktari aliniambia gegedu ya goti la kulia imelika na kukimbia sasa basi. Nikajipa moyo kwamba angalau nitasoma, maana maisha yangu yote nimenunua vitabu nikisema "nikistaafu". Nimestaafu, na kila nikifungua kimoja, nikifika ukurasa wa tatu usingizi unanichukua. Mke wangu analalamika kwamba nimekuwa kivuli chake, kila chumba anachoingia nipo. Wenzangu wachache bado wanacheza. Kipa wetu naye ameacha, anasema macho yana ukungu. Jumamosi naamka alfajiri, nasafisha njumu, nazirudisha chini ya kitanda. Je, ndiyo nimekwisha hivyo?

Mzee wa Njumu

Mzee mwenzangu,

Umeniita shangazi na nimeitika, ingawa nimekuzidi mwaka mmoja tu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani iliyo sahihi.

Hapo kwenye njumu nilituama kidogo. Viatu visivyokanyaga uwanja havichafuki, sasa unasafisha nini? Kama ni mpira wenyewe, televisheni inao asubuhi hadi usiku. Mimi nadhani unachokosa ni kusubiriwa. Miaka 30 yote, kila Jumamosi, kuna watu waliokuwa wakiangalia njia na kuulizana, "Beki hajafika?" Ukichelewa ulipigiwa simu, usipotokea walicheza pungufu. Siku hizi uamke usiamke, zinazojua ni njumu tu. Ndiyo maana vitabu navyo vinakushinda. Kitabu hakimnunii mtu. Kimekaa kwenye rafu miaka 20 na kitakaa 20 mingine bila kuuliza uko wapi.

Goti kwanza. Gegedu iliyolika hairudi, lakini misuli ya mapaja ikipata nguvu hulipunguzia goti mzigo, na maumivu nayo mara nyingi hupungua. Muulize daktari wako waziwazi kipi amekikataza na kipi hajakikataza, kisha umwombe akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mimi zoezi langu ni kuketi kitini na kusimama bila kushika chochote, mara kumi. Siku ya kwanza nilifika ya sita nikadaka meza. Shirika la Afya Duniani linatushauri sisi wa miaka 65 na kuendelea tupate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na ya kujenga mizani ya mwili siku 3 au zaidi. Watu hushika zile dakika wakasahau mizani, ilhali kuanguka ndiko kunakotulaza kitandani.

Halafu kuna kandanda ya kutembea. Ilianzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011, kwa watu wa rika letu, na kanuni yake kubwa ni kwamba ukikimbia umecheza faulo. Najua utacheka. Cheka, na ukimaliza, daktari akikuruhusu, wapelekee wazo hilo wenzako waliobaki, kwa sababu sidhani kama goti lako ndilo pekee linalolia pale uwanjani. Na akija mtu kukutajia Ed Whitlock, aliyemaliza marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa chini ya saa 3 akiwa na miaka 73, mwambie huyo alikuwa Whitlock.

Sasa vitabu. Unasoma saa ngapi? Nabahatisha: mchana, tumbo limejaa, umejilaza, pazia limefungwa nusu. Hata mimi ningekoroma. Soma asubuhi, umekaa wima, mwanga uangukie ukurasa. Lenzi ya jicho hukakamaa polepole, na tukipita umri wa miaka 40 hivi huanza kutusumbua, na kadiri tunavyozeeka macho yanadai mwanga zaidi. Kapime. Miwani ya miaka kumi iliyopita ilitengenezewa mtu mwingine.

Kisha ipunguze hiyo rafu. Nashuku nusu ya vitabu hivyo ulimnunulia mzee uliyetarajia kuja kuwa, msomi mmoja mtulivu asiyesinzia. Huyo hakutokea. Mimi mwaka jana nilitoa historia ya vita yenye kurasa 900 niliyohama nayo nyumba tatu. Kazi yake ilikuwa kuniangukia puani. Sijaikumbuka hata siku moja.

Kuhusu mkeo sina mengi: alikuwa na ratiba yake kabla hujastaafu, na sikuona mahali alipoomba msaidizi.

Lakini huyo kipa! Goti lako umelieleza hadi upande, yeye ukampitia kwa mstari mmoja. Ukungu huo huenda ni mtoto wa jicho. Kama ndio, madaktari huitoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, na wengi huona vizuri tena. Je, kuna aliyempeleka? Na wakati anangoja, nani anamsomea hata habari za mechi?

Chukua kitabu chembamba uende kwake Jumamosi, saa ile ile ya mpira, umsomee kurasa kumi kwa sauti. Kusinzia huku unasoma kwa sauti ni kazi ngumu, nimejaribu. Na mtu aliyekupigia kelele "Beki, rudi!" kwa miaka 30 hatashindwa kukuambia umeruka mstari. Mpeleke kwa daktari wa macho pia, wewe ndiye mwenye nafasi. Wiki ya tatu ukichelewa, simu yako italia.

Mpigie leo hii. Na ukifika kwake, tafadhali, usianze na habari za goti.

Shangazi