Re: Pesa ya Inua Jamii ya marehemu mama bado inaingia, nitashikwa?

Pole sana kwa msiba dada. Sasa hiyo pesa, ile 2,000 ya kila mwezi serikali ya Kenya hupea wazee wa miaka 70 kwenda juu, ilikuwa ya mama mwenyewe, si ya boma, so akishafariki huwezi irithi hata kama wewe ndio ulikuwa unamtolea hapo Ahero. Umesema miezi 8 umetoa, hiyo ni 16,000, na kuitoa ukijifanya mama yuko hai inaweza itwa kupata pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Penal Code (sheria ya makosa ya jinai), hadi miaka 3 jela.

Usitoe tena hata shilingi. Chukua cheti cha kifo, enda kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii ya sabkaunti kabla wakuite, uulize unarudisha vipi na kama unaweza lipa pole pole. Kurudisha hakufuti kosa automatiki, lakini korti huangalia kama ulijileta ama ulifuatwa, na hiyo tofauti ni kubwa. Na tafadhali usitume kwa simu ya mtu ati atakusaidia kufunga faili (hao wako wengi), lipa rasmi upewe risiti.