Kipimo Kimepanda, Mbona Oda Hazijarudi?

SWALI: Mhariri, nina karakana ya kushona sare za shule mjini Thika, yenye mafundi sita. Julai 2024 kazi ilishuka vibaya. Baadaye nilisikia redioni kwamba kipimo cha shughuli za biashara nchini Kenya kimepanda kutoka 43.1 mwezi huo hadi 50.6 mwezi wa Agosti, ilhali oda zangu hazikufika hata nusu ya zile za Mei. Je, kipimo hicho kinasema kweli?
Msomaji, Thika

JIBU: Ndugu msomaji, kinasema kweli, ila hakisemi ulichokielewa. Kipimo hicho, kiitwacho PMI, ambacho hutolewa kila mwezi na benki ya Stanbic pamoja na S&P Global, kampuni ya kimataifa ya takwimu za uchumi, hakihesabu shilingi wala sare zilizoshonwa. Mameneja wa kampuni zipatazo 400 za binafsi huulizwa kama hali yao imepanda, imeshuka au imebaki palepale ikilinganishwa na mwezi uliotangulia, kisha asilimia ya waliopanda hujumlishwa na nusu ya asilimia ya waliobaki palepale. Wakipanda 20 kati ya 100, wakashuka 20 na 60 wasiyumbe, jibu ni 50, yaani kwa jumla hali haikubadilika; juu ya hapo ni nafuu, chini yake ni kushuka.

Kwa hiyo 43.1 ya Julai, mwezi wa maandamano yaliyoendelea hata baada ya Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, kuondolewa, ilionyesha kwamba walioshuka walikuwa wengi kuliko waliopanda, nayo 50.6 ilionyesha tu kwamba waliopata afadhali kuliko Julai waliwazidi kidogo waliozorota zaidi. Aliyetumbukia kisimani akapanda ngazi moja amepanda kweli, lakini bado yumo kisimani.

Ndani ya kipimo mna maswali matano ya namna hiyo: oda mpya hubeba asilimia 30, uzalishaji 25, ajira 20, muda wa wasambazaji kufikisha bidhaa 15 na akiba ya malighafi 10. Tahadhari na huo muda wa wasambazaji: bidhaa zikichelewa alama huongezeka, kwa kudhaniwa kwamba wasambazaji wamezidiwa na kazi. Barabara zikifungwa, dhana hiyo huvunjika na kipimo huonekana kizuri kuliko hali yenyewe. Ndiyo sababu mimi hutazama oda mpya kwanza.

Imani ya wafanyabiashara, ambayo hutajwa pia katika taarifa ya kipimo, ni swali la pembeni kuhusu uzalishaji wa miezi 12 ijayo, na haimo katika ile 50.6. Vilevile, kipimo cha Kenya huchanganya viwanda na kilimo, ujenzi, biashara na huduma, hivyo viwanda vinaweza kudorora huku jumla ikivuka 50. Tafuta katika taarifa mahali panapozungumzia viwanda peke yake.

Kwa karakana yako, usilinganishe Agosti na Mei. Takwimu za kipimo hurekebishwa kwa ajili ya misimu, lakini daftari lako halirekebishwi, na sare zina msimu wake, hasa shule zinapokaribia kufunguliwa Januari. Linganisha Agosti na Agosti ya mwaka uliotangulia, kisha utazame miezi mitatu mfululizo kabla ya kuajiri au kupunguza fundi.