Intaneti ukiwa nje ya nchi: anza na laini yako ya nyumbani

Mkuu, umeuliza ufanyeje upate intaneti ya bei nafuu kwa safari ya wiki tatu ndani ya nchi nne, na karibu kila aliyekujibu amekuambia ununue eSIM, yaani laini ya kielektroniki isiyo na kadi ya plastiki. Ni jibu sahihi, ila limeruka hatua ya kwanza. Pesa nilizowahi kupoteza safarini hazikupotea kwa sababu nilinunua bando ghali. Zilipotea kupitia laini ya nyumbani niliyoiacha data yake ikiwa wazi.

Safari yangu ya kwanza nilitua usiku. Nikawasha simu nimwandikie aliyekuja kunipokea kwamba nimefika, ujumbe wa maneno yasiyozidi kumi. Kumbe simu nayo ilikuwa na kazi zake: kuhifadhi picha mtandaoni, kusasisha programu, kushusha video zilizorundikana kwenye makundi ya WhatsApp. Kabla sijaifikia foleni ya pasipoti salio lilikuwa limeisha lote, na ule ujumbe wangu haukwenda. Mwenyeji wangu alinisubiri karibu saa mbili bila kujua kama nimefika au nimekwama.

Romingi, yaani kutumia laini yako kwenye mtandao wa nchi nyingine, ni ghali kwa sababu kampuni yako haina minara kule uendako. Inatumia minara ya wenyeji, inawalipa, kisha inakutoza wewe pamoja na cha juu. Pasipo na sheria ya kuibana, cha juu hicho kinaweza kuwa kikubwa mara nyingi kuliko gharama yenyewe. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na tangu tarehe 15 Juni 2017 mwenye laini ya nchi mwanachama hutumia bando lake katika nchi nyingine za umoja huo kwa bei ya kwao, ndani ya kiwango cha matumizi ya haki, yaani matumizi ya kawaida ya msafiri. Norway, Iceland na Liechtenstein nazo zimo.

Uswisi haimo, na hapo niliumia mara ya pili. Nilikuwa na laini ya Ujerumani, nikapanda treni kwenda Basel, safari fupi tu. Sikuona mpaka wowote dirishani, lakini simu iliuona. Ilidaka mnara wa Uswisi, na kwa kuwa kifurushi changu hakikuihesabu nchi hiyo, nilichokuwa nimebakiza kikakatwa. Tangu siku ile sisomi neno "Ulaya" kwenye tangazo la bando nikaridhika. Nafungua orodha ya nchi na kuitafuta moja moja kwa jina. Na ukipanda meli, zima data kabisa au weka simu katika hali ya ndege, kwa sababu baadhi ya meli zina mnara wao unaopitisha mawasiliano kwenye setilaiti, na huo hauingii katika bei za nchi kavu hata kama bandari zote mbili ziko ndani ya Umoja wa Ulaya.

Kwa hiyo utaratibu wangu siku hizi ni huu: laini ya nyumbani inabaki kwenye simu kwa ajili ya meseji tu, data inatoka kwingine. Siiondoi, maana benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na bila hizo huwezi kulipa wala kuhamisha pesa. Kupokea meseji ukiwa nje mara nyingi ni bure, lakini kupokea simu huwa kuna malipo, kwa hiyo iulize kampuni yako yote mawili kabla hujaondoka. Uliza pia kama laini yako imeruhusiwa romingi. Kuna laini ambazo hazishiki mtandao wowote nje mpaka uombe, na ukishafika huko kuomba kunakuwa kazi.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wengi wanachanganyikiwa. Simu ya laini mbili ina kitufe cha data ya romingi kwa kila laini. Cha laini ya nyumbani unakizima. Cha eSIM ya safari unakiwasha, kwa sababu eSIM nyingi za wasafiri zenyewe zimesajiliwa nchi nyingine na zinafanya kazi kwa romingi. Nimewaona watu wamekaa uwanja wa ndege wakilalamika kwamba wameuziwa laini mbovu, kumbe walizima romingi kote kote kwa hofu ya gharama. Halafu simu nyingi zina kitufe kingine kinachoiruhusu kuhamia laini ya pili yenyewe pale mtandao wa laini ya kwanza unapodhoofika. Zima hicho. Ukiingia handaki na eSIM ikapoteza mtandao, simu inaweza kujihamishia laini ya nyumbani bila kukuuliza.

Kuhusu eSIM yenyewe. Bonyeza *#06# kama unavyotafuta IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Ukiona na namba ndefu iliyoandikwa EID, simu yako ina uwezo huo. Hakikisha pia haijafungwa na kampuni iliyoiuza, maana simu iliyofungwa itakataa laini yoyote ya kampuni nyingine, iwe ya plastiki au ya kielektroniki. Isakinishe ukiwa bado nyumbani, kwenye waifai nzuri, kwa sababu kuisakinisha kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo utakayokuwa huna ukishuka. Soma muda wake unaanza kuhesabiwa lini. Nyingine huanza siku unayosakinisha, nyingine huanza simu inaposhika mtandao wa kule. Na usiifute kwenye simu ukidhani utaisakinisha tena baadaye. Msimbo wa QR unaotumiwa kuisakinisha kwa kawaida hutumika mara moja tu.

Neno "bila kikomo" lisikuvute. Mara nyingi maana yake ni kwamba kila siku unapewa kiasi fulani cha kasi kamili, kisha kasi inashushwa mpaka picha moja inachukua dakika kufunguka. Mimi huchagua bando lenye GB zinazojulikana. Nikitumia ramani, ujumbe, barua pepe na simu za sauti za WhatsApp, GB 3 zinanitosha wiki nzima na chenji inabaki. Kinachomaliza bando ni video. Saa moja ya video ya ubora wa juu inaweza kumeza hadi GB 3, yaani wiki yangu nzima. Basi filamu zishushe kabla ya safari, zima video zinazojicheza zenyewe, na kwenye WhatsApp nenda mipangilio ya hifadhi na data uondoe alama kwenye kila kitu kinachojishusha chenyewe. Nakala za picha ziruhusu kwenye waifai pekee. Ramani za miji utakayopita katika nchi zote nne zishushe mapema. GPS inakuonyesha ulipo hata bila data, kwa hiyo ukiwa na ramani kwenye simu hupotei.

eSIM nyingi za safari ni za data tu, hazina namba ya simu. Hilo halikuzuii kutumia WhatsApp kwa namba yako ya zamani. Ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa. Isipokuwa usiifute programu ukiwa safarini, maana kuisajili upya kunahitaji uthibitisho unaotumwa kwenye laini ya nyumbani.

Laini ya wenyeji naipendekeza kwa anayekaa nchi moja mwezi au zaidi. Bei yake kwa GB huwa chini na unapata namba ya pale, jambo linalosaidia sana ukitafuta nyumba au kuagiza usafiri. Nchi nyingi watataka pasipoti wakusajili. Vibanda vya uwanja wa ndege mara nyingi ni ghali kuliko duka la kampuni hiyohiyo mjini, kwa hiyo kama una njia ya kufika malazi bila intaneti, vumilia. Usiondoke dukani kabla hujafungua ukurasa wowote kwa laini hiyo mpya huku waifai imezimwa. Niliwahi kuondoka haraka, mipangilio ya APN, ile inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni, haikuwa imekaa sawa, na duka lilikuwa limefungwa niliporudi.

Kuna nchi zenye masharti yake. Uturuki, simu ya kigeni inayotumia laini ya pale hufungiwa mtandao baada ya siku 120 isiposajiliwa. China, WhatsApp na huduma za Google zimezuiwa kwenye mitandao ya ndani, ila laini ya kigeni iliyo kwenye romingi kwa kawaida huzifungua, kwa sababu data yake hupitishwa kwanza kwa kampuni iliyoitoa, nje ya nchi. Falme za Kiarabu, ujumbe wa WhatsApp unakwenda lakini simu zake za sauti na video zimezuiwa, kwa hiyo waambie nyumbani mapema mtawasiliana kwa njia gani. Marekani ilizima minara ya 3G mwaka 2022, hivyo simu kuukuu isiyoweza kupiga kupitia 4G haitakupa hata sauti.

Waifai ya bure naitumia, ila naitumia kwa yale mazito ya kushusha. Benki nafungua kwa data yangu mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuupa mtandao wake jina linalofanana na la hoteli, kwa hiyo muulize mhudumu jina kamili kabla hujajiunga, na simu ikikuonya kwamba cheti cha tovuti si salama, acha papo hapo. VPN, programu inayosimba data yako isisomwe njiani, inasaidia kwenye mtandao usioujua. Lingine la kujua ni kwamba waifai nyingi za viwanja vya ndege hutuma namba ya kuingilia kwa meseji, na hapo tena unaona kwa nini laini ya nyumbani isitolewe.

Kwa wiki tatu na nchi nne, nisingenunua laini nne. Muda utakaopoteza kwenye foleni za usajili ni mwingi kuliko pesa utakayookoa. Ningechukua eSIM moja ya ukanda mzima, GB 10 hivi, inayoruhusu kuongeza bando bila kusakinisha nyingine na inayoruhusu hotspoti kama unasafiri na kompyuta. Lakini nchi moja ikiwa haimo kwenye orodha, hesabu inabadilika, na kama utavuka mpaka kwa basi au treni, inabadilika zaidi. Taja hizo nchi nne, utazipita kwa mpangilio gani, na simu yako ni aina gani, nikupigie hesabu kamili.