Barbados: msimalize siku zote saba upande wa magharibi

Mkuu uliyeuliza, nimekusoma. Siku saba Barbados, kisiwa cha Karibea, wewe na mama watoto, mnatokea Dar, mnataka fukwe na sehemu za kihistoria, na ukamalizia kwa kuandika "isije ikawa Zanzibar nyingine, tofauti nauli tu". Hapo nimecheka, kwa sababu nilikuwa na hofu hiyohiyo. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Toronto, nimefika kule mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa harusi ya mwenzangu wa kazini mzaliwa wa kisiwa hicho, mara ya pili na dada yangu na mwanawe. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mchanga mweupe, minazi, kuta za mawe ya matumbawe: mtu wa pwani hatashangaa. Hata mivinje ipo, ukwaju upo, shelisheli lipo, tena wao wanalichoma kwenye moto wa mkaa mpaka ganda linakuwa jeusi. Kitakachokushangaza ni kwamba bahari haipwi. Kwetu ukiamka unakuta maji yamekimbilia huko kwenye mwamba na akina mama wako na vijiti vyao wanatafuta pweza. Kule tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata mita moja. Siku ya kwanza nilikaa mchangani nikingoja maji yatoke niokote makombe, mwenyeji wangu akaniuliza nangoja nini. Kwa hiyo mnaogelea saa yoyote mtakayo.

Fukwe za magharibi, pale panapoitwa Holetown na kushuka chini, ndizo zinazowekwa kwenye mabango. Maji yametulia kama ya kwenye beseni. Hoteli za bei mbaya zimejipanga mbele ya bahari, lakini kisheria ufukwe ni wa wote. Mlinzi wa hoteli moja alitaka kutuondoa, shangazi wa bibi harusi akamjibu kwa Kiingereza chao kile cha haraka, sikuambulia neno ila mlinzi alirudi getini kwake. Ila hukohuko ndiko nilikoumia. Mvua ilinyesha ghafla tukakimbilia chini ya mti wenye majani mazuri mabichi. Kumbe ni ule wanaouita manchineel. Utomvu wake ni sumu, na maji ya mvua yakipita kwenye majani yakakudondokea yanababua ngozi. Bega langu lilitoka malengelenge, nikalala kifudifudi siku mbili. Miti mingi huwa imepigwa mstari mwekundu wa rangi kwenye shina, huo wangu ulikuwa nao, sikujua maana yake. Matunda yake yanafanana na tofaa dogo la kijani. Msiyaguse, achilia mbali kuonja.

Mimi ufukwe wangu ni Carlisle Bay, hapo hapo ubavuni mwa mji mkuu, Bridgetown. Kodini miwani ya kuzamia, kuna mabaki ya meli zilizozama si mbali na nchi kavu na kasa wanapita karibu yako bila wasiwasi. Lakini nendeni mapema, kabla jua halijapanda, upande unaoitwa Pebbles. Vijana wa mazizini wanaleta farasi wa mashindano kuwaogesha baharini. Farasi anaingia hadi shingoni, anakoroma, anatoka anang'aa. Hakuna tiketi. Uwanja wao wa mbio uko nyuma hapo, unaitwa Garrison Savannah, zamani ulikuwa uwanja wa gwaride la jeshi la Waingereza.

Mkiwa hapo Garrison mmeshaingia kwenye historia, maana eneo hilo pamoja na katikati ya Bridgetown liliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Kuna nyumba aliyokaa George Washington, baadaye rais wa kwanza wa Marekani, mwaka 1751 akiwa kijana wa miaka 19, amemsindikiza kaka yake mgonjwa wa kifua. Washington mwenyewe akaondoka na makovu ya ndui. Mjini kuna sinagogi lenye asili ya mwaka 1654, na pale kwenye uwanja mkuu ilipokuwa sanamu ya Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, tangu 1813, haipo, waliishusha Novemba 2020, mwaka mmoja kabla hawajaachana na Malkia na kuwa jamhuri. Nusu siku inatosha kwa mji.

Sasa ninachotaka sana mkifanye, na mkifanye kwa mpangilio huu: Newton kwanza, St Nicholas Abbey baadaye. Karibu kila mgeni anapelekwa St Nicholas Abbey, kule kaskazini. Si abasia, haijawahi kuwa, ni jumba la shamba la miwa lililojengwa miaka ya 1650, na ni zuri kweli, nisiseme uongo. Wanatengeneza ramu, kuna gari moshi dogo la kutembeza watu, kuna njia yenye mivuli ya mimahogani inayopanda Cherry Tree Hill mpaka unaona pwani yote ya mashariki chini yako. Unakunywa, unapiga picha, unarudi. Mara ya kwanza nilifanya hivyo na nikarudi nimefurahi.

Mara ya pili tulianzia Newton. Iko kusini, si mbali na uwanja wa ndege. Ni kiwanja cha majani kinachoteremka, pembeni mashamba, upepo, basi. Chini ya majani hayo wamezikwa watu wapatao 570, watumwa wa shamba la Newton, kuanzia karne ya 17 hadi mwanzoni mwa ile ya 19. Hakuna hata kaburi moja lenye jiwe. Wanaakiolojia walipochimba sehemu yake miaka ya 1970 walimkuta mzee mmoja amezikwa na mkufu wake: kauri, meno ya mbwa yaliyotobolewa, shanga za kioo, na shanga moja kubwa ya akiki, jiwe ambalo sisi tunalijua kwenye pete za wazee wetu. Pembeni yake palikuwa na kiko cha kuvutia tumbaku, cha udongo, cha mtindo wa Afrika Magharibi. Inadhaniwa alikuwa mganga. Dada yangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alisimama akasoma Fatiha ya nia tu, maana dini zao hatuzijui.

Tukaenda kwenye lile jumba la St Nicholas siku iliyofuata. Sakafu ileile, gari moshi lilelile, lakini kila chumba nilikuwa nauliza nani alibeba mawe haya. Kisiwa hiki ndicho kilichotunga mwaka 1661 sheria ya kumfanya Mwafrika mali ya bwana wake, na makoloni mengine yakaiiga. Njiani mtapita kwenye mzunguko wa barabara wenye sanamu ya mtu anayekata minyororo. Wenyeji wanamwita Bussa, aliyeongoza uasi wa Pasaka ya mwaka 1816 na akafia vitani. Magari yanazunguka pale kama vile ni nguzo ya taa.

Mashariki msiikose: Bathsheba. Miamba mikubwa imesimama majini kama uyoga, mawimbi yanatoka Atlantiki moja kwa moja. Ni mahali pa kutazama, si pa kuogelea, waachieni wenye mbao zao za kuteleza juu ya mawimbi. Katikati ya mwaka mwani wa kahawia hujaa upande huo na unanuka, ndiyo sababu mimi ningekuja kati ya Januari na Mei. Kusini mashariki kuna fukwe za Crane na Bottom Bay, pazuri sana kwa picha ila mkondo una nguvu.

Usafiri: kuna vipanya vyeupe vinavyoitwa ZR, muziki juu, konda anakubana mpaka unashiba. Nauli dola 3.50 za kwao popote uendapo, na dola mbili za kwao ni moja ya Marekani. Ijumaa jioni nendeni Oistins, mji wa wavuvi, mkale samaki. Mkiletewa cou-cou msikatae: ni ugali mlaini uliosongwa pamoja na bamia, kwa mwiko kabisa, na unaliwa na samaki yule anayeruka juu ya maji.

La mwisho, nguo za mabaka ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata kwa mtoto. Mpwa wangu alivuliwa kaptula uwanja wa ndege akabaki na ya kulalia.