Maswali na Majibu: Mzee Akirudi Ulingoni

Maswali mengi ya safari hii yamehusu Rocky Balboa, picha ya sita katika mfululizo wa Rocky ulioanza mwaka 1976. Kwa ambaye hajaiona: bingwa wa zamani wa uzito wa juu huko Philadelphia, aliyefiwa na mke na sasa anaendesha mgahawa, anarudi ulingoni uzeeni kupambana na bingwa kijana, Mason Dixon. Sylvester Stallone aliiandika, akaiongoza na kuicheza mwenyewe. Ilipotoka Desemba 2006 alikuwa na miaka 60.

Tumezoea stelingi hafi wala hashindwi. Mbona huyu kapoteza? Na kuna jamaa anabisha kuwa aliona ameshinda. (Msomaji wa Makorora)

Mnaobishana wote mna haki. Katika picha iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, Dixon anashinda kwa kura za majaji wawili dhidi ya mmoja baada ya raundi 10. Lakini upo mwisho mwingine uliorekodiwa, ambamo mzee anatangazwa mshindi. Uliwekwa kama nyongeza kwenye DVD. Huenda jamaa yako ndio aliouona.

Kwa hesabu za ngumi, uamuzi wa majaji hauna ubaya. Anayeshinda raundi hupewa pointi 10, mwenzake 9, na aliyeangushwa mara moja kwa kawaida hubaki na 8. Pambano hili lote linaegemea jambo dogo ambalo watazamaji wengi hulipita: raundi ya pili Dixon anaupiga mfupa wa nyonga wa Rocky na kuumia mkono wa kushoto. Kuanzia hapo bingwa anapigana na mkono mmoja na nusu. Ondoa jeraha hilo na mzee hafiki raundi ya nne. Mwandishi alilijua hilo, ndiyo maana akaliweka mapema kabla hujaanza kutilia shaka.

Kwa nini mwalimu wake anamnyanyulisha vyuma vizito tu? Bondia si mtu wa kasi? (Msomaji wa Usagara)

Hapa ndipo picha hii inapowazidi ndugu zake wengi. Mwalimu anaanza kwa kuhesabu kilichoharibika: magoti hayawezi mbio, shingo ina maumivu ya viungo, kwa hiyo kasi haipo na haitarudi. Kinachobaki ni uzito wa konde. Basi mazoezi yote yanaelekezwa huko: kunyanyua vyuma, kurusha mapipa, kupiga begi la ngumi.

Kwenye ngumi za kweli ndivyo ilivyo. Kasi ya kuona na kukwepa hupungua mapema, lakini konde linatoka kwenye mguu wa nyuma, nyonga na uzito wa mwili, na hivyo hudumu. Bondia wa Marekani George Foreman alistaafu mwaka 1977, akarudi baada ya miaka kumi, na Novemba 1994, akiwa na miaka 45, akamwangusha bingwa wa dunia, Michael Moorer wa miaka 26, katika raundi ya kumi. Mpaka dakika hiyo alikuwa nyuma kwenye karatasi za majaji wote watatu. Bukta aliyovaa ni ileile aliyopigwa nayo na Muhammad Ali, Kinshasa, 1974. Ali mwenyewe alikuwa mtu wa miguu na kasi. Aliporudi mwaka 1980 kumkabili bingwa Larry Holmes, akiwa na miaka 38 tu, kona yake, yaani wasaidizi wake, ililazimika kulikatisha pambano baada ya raundi ya kumi.

Picha inapodanganya ni kwenye kichwa. Ubongo husinyaa kadiri umri unavyokwenda, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wa fuvu hubaki imevutika. Kichwa kikitikiswa ghafla, mishipa hiyo hukatika kwa urahisi kuliko kwa kijana, na damu huvujia ndani ya fuvu. Misuli unaweza kuijenga ukiwa na miaka 60. Mishipa ile huwezi kuijenga.

Nina miaka 52, sijawahi kupigana, ila picha imenipa hamu. Nianzeje bila kuumia? (Msomaji wa Chumbageni)

Shikamoo mzee. Anza na kipimo cha presha. Ikisoma 140/90 au zaidi mara mbili tatu, mwone daktari kwanza. Ikifika 180/110 usiguse kamba ya kuruka wala begi. Ukihisi kifua kubana au kizunguzungu katikati ya mazoezi, unasimama, huongezi raundi.

Kisha siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Dakika 15 za kupasha viungo, hasa mabega na vifundo vya miguu. Kamba ruka raundi tatu za dakika mbili, pumziko dakika moja, na urukie kwenye udongo au zulia nene. Sakafu ya saruji ndiyo inayowamaliza watu wa umri wako: kano ya kisigino huvimba wiki ya pili, mtu anadhani mazoezi ndiyo yamemkataa. Halafu begi raundi tatu, pia za dakika mbili, ukipiga kwa nusu ya nguvu zako mwezi wote wa kwanza. Malizia na kuchuchumaa na kuinuka mara 12, seti tatu. Baadaye shika mfuko wa mchanga wa kilo 10, kisha 20.

Kukimbia, tumia mchanga mgumu wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Mchanga laini wa juu unavuta kisigino, na lami inagonga magoti. Nenda alfajiri, joto la Tanga la Februari na Machi lina unyevu, jasho halikauki na mwili haupoi. Jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni maji, irudishe kwa lita moja au zaidi kidogo.

Bandeji za mkono ziwe za mita 4.5. Kitanzi kwenye kidole gumba, zungusha kifundo mara tatu, kiganja mara tatu, pitisha katikati ya vidole, maliza kwenye kifundo. Glovu za begi wakia 14 au 16. Na kupigana na mtu kwa kulenga kichwa, hapana, hata kwa utani na kijana wa jirani.

Tulijaza gunia mchanga tukalining'iniza kwenye mwembe. Sasa wawili kati yetu vifundo vya mikono vinauma. (Vijana wa Mikanjuni)

Kosa ni mchanga. Kila ngumi inauteremsha, na baada ya siku chache theluthi ya chini ni jiwe huku juu kukiwa tepetepe. Mwageni. Nendeni kwa mafundi cherehani mkaombe vipande vya nguo, kateni mitumba iliyochakaa, ondoeni vifungo na zipu zote. Jazeni tabaka la sentimita 20, shindilieni kwa mwichi, geuzeni gunia, ongezeni tabaka jingine. Begi zuri lina karibu nusu ya uzito wa mpigaji. Kwa mtu wa kilo 70, kilo 35 zinatosha. Likiwa jepesi mno, ongezeni mfuko mdogo wa mchanga uliofungwa vizuri na kuuzungushia nguo, mkauzike katikati kabisa, mbali na pande zote. Lining'inie kitovu cha begi kikiwa usawa wa tumbo lenu la juu.

Walioumia vifundo wapumzike mpaka waweze kukunja ngumi na kusukuma ukuta bila maumivu. Uvimbe usiposhuka ndani ya wiki, nendeni hospitali ya Bombo mkapigwe picha. Mifupa midogo ya kifundo huvunjika kimyakimya.

Mwanangu anakunywa mayai mabichi manne kila alfajiri kwa sababu ya hiyo picha. Kuna ubaya? (Mama wa Pongwe)

Upo, na faida ni ndogo. Protini ya yai lililopikwa mwili huifyonza kwa zaidi ya asilimia 90. Ya yai bichi, karibu nusu tu. Maana yake anakunywa manne na kupata ya mawili, huku akijiweka kwenye hatari ya bakteria wa salmonela. Rocky wa 1976 alikunywa matano kwenye bilauri kwa sababu alikuwa maskini na kamera ilikuwa inamtazama. Mchemshie mawili dakika kumi, umpe ndizi na uji wenye karanga. Hela ya mayai yaliyobaki inunue maharage.

Tunatengeneza filamu fupi yenye pambano, kwa simu, kwenye ukumbi wa Ngamiani. Ngumi zinaonekana za uongo na picha inamemeta. (Kikundi cha vijana)

Kumemeta ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde; viwili hivyo haviendani. Pakueni programu ya kamera inayoruhusu kupanga kwa mkono, wekeni fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Mkitaka ngumi zionekane kali zaidi, 1/100. Msitumie namba za katikati, kumemeta kutarudi.

Uongo wa ngumi unatokana na mahali kamera ilipo. Mkiwapiga picha mabondia kutoka ubavuni, upenyo kati ya glovu na shavu unaonekana na kipofu. Kamera ikae nyuma ya bega la anayepigwa, au la anayepiga, ili glovu, uso na lenzi viwe kwenye mstari mmoja. Hapo ngumi ikipita sentimita 20 mbele ya pua, jicho halijui. Ngumi ya kuzunguka ndiyo rahisi kuidanganyia kwa sababu inaikata picha kutoka upande huu hadi ule. Ya moja kwa moja ni ngumu, maana lazima isimame kabla ya uso. Ikateni kwenye uhariri palepale inapofika, mhamie kwenye uso wa aliyepigwa.

Anayeuza ngumi ni anayepigwa. Kidevu chake kiende upande ule ule ngumi inakoelekea, na kiende glovu ikiwa inapita, si kabla. Kosa tunaloliona sana: ngumi inazunguka kutoka kulia, kichwa kinarudi nyuma. Pangeni ngumi nne hadi sita kwa kila kipande, mzihesabu kwa sauti, mfanye kwa nusu kasi mara nyingi, kisha robo tatu. Kasi kamili haihitajiki, kata za uhariri zitaiongeza. Na asitokee shujaa wa kusema "nipige kweli". Stallone alimwambia hivyo Dolph Lundgren walipokuwa wakirekodi Rocky IV, konde likamwingia kifuani, akaishia wodi ya wagonjwa mahututi.

Sauti rekodini peke yake: glovu juu ya begi, kiganja juu ya paja, kitambaa kilicholowa kikipigwa mezani. Changanyeni mbili mbili, maana sauti moja ni nyembamba. Jasho ni maji na gliserini kidogo kwenye chupa ya kupulizia, mabegani na kwenye nywele, ili konde likifika matone yaruke. Damu ni sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na chembe ya kakao. Bila kakao inaonekana kama sharubati ya harusini.

Anzeni na raundi ya mwisho. Pakeni uvimbe wote na damu yote asubuhi, kisha mpunguze mkirudi nyuma mpaka raundi ya kwanza nyuso zikiwa safi. Kubandua kunachukua dakika, kupaka upya kunakula nusu siku.

Mwonekano wa Rocky Balboa mnaumudu bila gharama. Pambano lake lilipigwa picha Mandalay Bay, Las Vegas, kwa mtindo wa matangazo ya ngumi ya runinga: kamera nje ya kamba za ulingo, juu kidogo, ikivuta kwa mbali, na saa ya raundi kwenye kona ya kioo. Mpinzani naye ni bondia wa kweli, Antonio Tarver, aliyemwangusha bingwa Roy Jones Jr. mwaka 2004. Nanyi tafuteni bondia hasa acheze upande mmoja; miguu ya mtu aliyefundishwa haiigiziki.

Tanga hakuna kilima. Zile ngazi za Philadelphia tutazipata wapi? (Msomaji wa Sahare)

Zile ni 72, mbele ya jumba la makumbusho ya sanaa. Hapa ombeni ruhusa mtumie majukwaa ya uwanja wa Mkwakwani. Pandeni kwa mbio, shukeni kwa kutembea; goti huumia wakati wa kushuka.

Nianze na ipi? (Wengi)

Ya kwanza ya 1976, ya pili ya 1979, kisha rukeni moja kwa moja hadi Rocky Balboa. Ya tatu na ya nne ni za burudani, tazameni mkiwa wengi. Ya tano ya 1990 ina jambo moja la kukumbuka: humo daktari anamwambia Rocky ubongo wake umeumia na hawezi tena kupata leseni, halafu ya sita inampitisha kwenye vipimo bila maelezo ya maana. Baada ya hapo nendeni kwenye Creed ya 2015, ambako mzee hapigani tena, anakaa kona.