Mdogo wako hajarogwa, dada

Dada, umeuliza kwa nini mdogo wako, aliyefika Oslo, Norwe, mwezi Juni, sasa analia na hataki kutoka nje, ilhali mwanzoni picha hazikuisha. Ile fungate ya ugeni imekwisha, basi. Desemba kule jua linazama saa 9 alasiri, na hakuna jirani wa kupiga hodi kuomba chumvi. Mimi nilifika mahali nikawa naongea na sufuria! Mwanasaikolojia John Berry aliona kwamba wahamiaji wanaoshika mila zao huku wakijifunza za wenyeji kwa kawaida hutulia kuliko wanaochagua upande mmoja. Asome Kinorwe, na pilau ya Jumapili asiiache. Ila kama wiki mbili mfululizo hapati usingizi wala chakula hakipiti, amwone daktari.